Kiti Orijino cha Mjomba Verlin

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa, mwezi wa nne. Theluji ilikuwa imeisha, jirani alikuwa anachoma soseji uani kwake, na mimi nilikuwa nimelala chini ya gari napiga mluzi. Nataka uikumbuke hiyo soseji, maana tangu siku ile sijala nyingine.

Na usiniletee maneno ya "nilisikia kwa rafiki wa rafiki". Haya yalimpata mjomba wangu Verlin, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, hapahapa Hazel Park, Michigan. Na mimi nilikuwepo, mkono wangu wa kulia ukiwa ndani mpaka kwenye kiwiko.

Naitwa Jarrod. Shule niliiacha darasa la kumi. Shule haikulia, na mimi sikulia. Lakini nipe injini ya silinda nane iliyotawanyika kwenye maboksi, nifunge kitambaa usoni, nitakuunganishia na haibaki bolti hata moja mezani. Wenzangu waliomaliza shule wananiletea magari yao. Nawatengenezea, huku nikiwauliza jiografia.

Mjomba Verlin ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa, mama alipoondoka na dereva wa lori kwenda Florida. Kazi yetu ni kufufua magari ya zamani ya misuli, yale ya injini kubwa yanayonguruma mpaka vikombe vya chai vinahama mezani. Ila mjomba hakuwa fundi wa kupaka rangi na kusema "tayari". Alikuwa na ugonjwa. Kila spea lazima iwe orijino, na si orijino tu, bali iwe imetengenezwa kabla kidogo ya gari lenyewe kuzaliwa. Kioo cha mlango kina alama ya mwezi wake. Mkanda wa kiti umeshonewa lebo ya wiki yake. Mpira wa maji wa injini nao una chapa. Spea mpya ya kuigiza, hata iwe nzuri vipi, aliishika kwa vidole viwili kama soksi ya maiti.

Wala usicheke. Kuna maonyesho ambako wazee waliovaa mashati meupe wanakuja na tochi na vioo vidogo kama vya daktari wa meno, wanachungulia mpaka mahali ambapo gari lenyewe halijijui. Alama elfu moja. Ukiweka skrubu ya juzi, wanakata. Mjomba alinifanya nichore upya hata mistari ya chaki ambayo wafanyakazi wa kiwandani waliichora kwenye chuma mwaka 1970. Pale rangi ilipochuruzika kwa uzembe wa mtu wa kiwandani, nilitakiwa niichuruzishe palepale, urefu uleule. Nilikesha siku tatu nikitengeneza uzembe wa mtu mwingine.

Gari lenyewe liliitwa Kestrel, milango miwili, rangi ya zambarau. Tulilikuta kwenye banda la mkulima ng'ambo ya Toledo, kuku wametaga kwenye boneti. Mjomba alipofuta vumbi la kibati cha namba akaona limetoka kiwandani wiki ya tatu ya mwezi wa tatu, 1970, alikaa chini kwenye mavi ya kuku. Yeye alizaliwa Jumatano ya wiki hiyohiyo.

"Huyu ni pacha wangu," akasema.

Nilimwambia pacha wake amezeeka vizuri kuliko yeye.

Basi Jumamosi ile ya mwezi wa nne ilibaki kazi ya viti. Kwa mafundi wa magari haya, jambo la kwanza ukishatoa kiti ni kukipindua na kutafuta karatasi ya kiwandani. Zamani, gari likiunganishwa, lilisafiri na karatasi ya kuonyesha linahitaji injini gani, rangi gani, viti gani. Kazi ikiisha, mfanyakazi wa viti aliikunja na kuichomeka ndani ya springi. Nyingi zililiwa na panya. Ukiikuta nzima, umeokota cheti cha kuzaliwa cha gari.

Kiti cha dereva kilikuwa mezani, miguu juu. Ngozi yake nyeusi ya plastiki ilikuwa imepasuka mahali kumi na moja, nilihesabu kwa sababu mimi ndiye ningeshona.

"Ingiza mkono, mdomo mrefu wewe," mjomba akaniambia. "Kwa maneno unabeba gari zima, kwa mkono unaogopa panya?"

Nikaingiza. Kwanza vumbi. Halafu nywele za panya, makapi ya mahindi, kitu kilichokuwa panya. Nikasukuma zaidi, nikashika karatasi. Nikaivuta polepole, ikatoka nzima, kahawia, imelowa mafuta. Mjomba akaipokea kwa mikono miwili kama padri anapokea mtoto wa ubatizo.

Lakini nyuma ya karatasi kulikuwa na kitu kingine.

Kilikuwa kinateleza. Kiti kimekaa miaka hamsini na nne, ishirini kati ya hiyo ndani ya banda kavu, na kitu kile kilikuwa na maji. Na kilikuwa na joto. Si joto la jua. Joto la ndani ya mdomo.

Nikakivuta kikatoka. Kilikuwa kimefungwa kwenye karatasi ya nta, ile ya kufungia mkate zamani, yenye vidoti vyekundu. Karatasi ikafunguka yenyewe juu ya meza. Ndani kulikuwa na bonge la nyama kubwa kama ngumi yangu, jeusi linaloelekea uzambarau, limejaa mishipa kama mizizi, na mkia mrefu umejiviringa pembeni. Ute ukaanza kutoka. Harufu ikanijia: maziwa yaliyoganda, sarafu za shaba, na kitu kitamu juu yake, kama utosi wa mtoto mchanga. Huo utamu ndio uliofanya nikimbilie nje nikaitapike soseji ya jirani juu ya viatu vyangu.

Niliporudi nikasema tukitupe. Tukichome. Nikasema ni ini la mnyama, mtu wa kiwandani alificha chakula chake akasahau.

Mjomba alikuwa amekiinamia. Hakuwa ameziba pua.

"Hiki kilikuwa nyuma ya karatasi, sivyo?" akauliza. "Basi kiliwekwa kabla ya karatasi. Kiliwekwa kwenye mstari. Kwa hiyo ni cha kiwandani."

"Mjomba, ni nyama."

"Cha kiwandani hakitolewi, Jarrod."

Akakifunga kwenye karatasi yake ya mkate, akakirudisha mwenyewe kwenye springi, taratibu, kama unavyorudisha yai chini ya kuku. Halafu akafuta viganja vyake tumboni, kwenye shati.

Niambie, kuna watu gani wengine duniani wangefanya hivyo? Mwizi angekitupa. Kichaa angekitupa. Ni fundi wa magari orijino peke yake.

Wiki ya kwanza nilifurahi, na hiyo ndiyo aibu yangu. Nilipokwenda kushona ile mipasuko kumi na mmoja nikaikuta saba. Nikadhani nilihesabu vibaya. Siku mbili baadaye ikawa minne. Mahali pa mpasuko palikuwa na mstari mwembamba, wa rangi ya waridi, kama kidonda kinachofunga. Nilipoupitisha kidole, ngozi ya kiti ilisisimka. Nikasema: vizuri, kazi imepungua. Nikaenda kupiga rangi ya injini.

Tulipokifunga kiti kwenye gari, mjomba akaanza kukaa juu yake. Alisema anasikiliza milio ya springi. Kwanza saa moja baada ya kazi, halafu asubuhi kabla ya kazi, halafu kazi ikabaki yangu na yeye akabaki kitini, mlango umefungwa, mikono kwenye usukani. Nilimletea chakula chake anachokipenda kuliko ndoa zake zote mbili, mkate wa soseji uliomwagiwa nyama ya kusaga na vitunguu. Akageuza shingo.

"Nimeshiba," akasema.

Kesho yake nikamletea tena. Nimeshiba. Keshokutwa. Nimeshiba. Na hakuwa anakonda! Alikuwa ananenepa unene wa ajabu, laini, mikunjo kwenye vifundo vya mikono. Ndevu zake, ambazo zilikuwa kama waya wa kusugulia sufuria, zikawa manyoya. Mwezi wa tano akanywa kahawa, akashusha kikombe, nikasikia kitu kinagonga ndani. Jino. Zima, na mzizi wake. Alilitazama bila kushtuka, akalisukuma upande kwa ncha ya kijiko.

Akakiacha kikombe dirishani. Kufikia mwisho wa mwezi kilikuwa na meno tisa.

Na tumboni shati lake lilikuwa limelowa. Duara dogo palepale katikati, la rangi ya chai. Alibadilisha shati, duara likarudi. Nikamwambia twende hospitali. Akasema baada ya maonyesho. Nikamwambia mjomba, unanuka. Akasema, kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu nimjue, kwamba baada ya maonyesho atachora kibao kipya cha gereji: VERLIN NA JARROD. Kibao alikwishakinunua. Kilikuwa kimeegemea ukuta, cheupe, kinasubiri majina.

Hapo akanipata. Miaka kumi na miwili nilikuwa "kijana wa Verlin". Nilinyamaza kwa ajili ya kibao.

Nzi nao walikuja. Lakini hawakuingia ndani ya gari. Walitua kwenye kioo kwa nje, mamia, wote wameelekeza vichwa upande wa kiti cha dereva. Walikuwa wamenyamaza.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi, katikati ya mwezi wa sita. Alhamisi nikaenda kwa Bibi Delphia, mama yake Verlin, kula maharage na mkate wa mahindi. Bibi ana miaka sabini na nne na ulimi wa kijana. Yeye na Babu Hobert walitoka milima ya Kentucky kufuata kazi za viwanda huku kaskazini, na miaka hamsini ya Michigan haijamtoa mlima hata kidogo. Akaniuliza Verlin anakula? Nikamwambia kwa utani, unajua mimi, kwamba mwanao amegoma kula tangu tulipokuta ini la babu wa mtu kwenye kiti, limefungwa kwa karatasi ya mkate yenye vidoti vyekundu.

Bibi akaweka kijiko chini.

Akaniuliza kiwanda gani. Nikamwambia. Akauliza wiki gani. Nikamwambia. Akaniuliza kama lilikuwa na mkia.

Halafu akanieleza, huku akitazama maharage yake. Verlin alizaliwa chumbani, ghorofani, kwenye nyumba ya kupanga, mkunga akiwa mama mmoja wa kwao. Kwao milimani kondo la nyuma huzikwa siku hiyohiyo, shimo refu, jiwe juu, mahali ambapo mbwa hafiki. Likiliwa, mtoto anaharibika. Likitupwa ovyo, mtoto hatulii maishani. Mkunga akalifunga kwenye karatasi ya mkate, akampa Babu Hobert akazike. Lakini babu alikuwa amepewa saa moja tu na nyapara wake. Ua lote lilikuwa zege. Ardhi ya mwezi wa tatu ilikuwa imeganda kama chuma. Babu akaliweka kwenye kopo lake la chakula, akarudi kazini. Jioni akamwambia mkewe amelizika chini ya mti kwenye bustani ya jiji.

"Babu yako alikuwa anafunga viti," Bibi akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anachomeka zile karatasi."

Nikasukuma sahani yangu pembeni.

"Litoe leo," Bibi akanong'ona. "Leo hii, Jarrod. Yule alishakatwa mara moja. Lisimshike tena."

Nikamwahidi. Nikaendesha gari kurudi, nikafika gereji, nikamwona mjomba kitini, ameegemea nyuma, mdomo wazi, ufizi mtupu wa waridi. Gari lilikuwa linang'aa. Halijawahi kuwepo Kestrel nzuri kama ile. Mipasuko yote kumi na mmoja ilikuwa imefunga, na lile dude lilikuwa limejisokota na springi, halitoki tena kwa chini; kulitoa ningelazimika kukichana kiti kwa kisu, siku mbili kabla ya waamuzi. Kibao kiko ukutani.

Nikajiambia: lilikaa miaka hamsini na nne. Litashindwa siku mbili?

Hilo ndilo swali langu. Wengine wana swali la kwa nini Mungu aliumba mbu. Mimi nina hilo.

Jumamosi tulilivuta kwa trela na yeye akiwa ndani. Alikataa kushuka. Joto la kukausha mate, na yeye amejifunika blanketi kuanzia kifuani. Nililisukuma gari mpaka kwenye majani, katikati ya magari mengine arobaini, watoto wanakula barafu, wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja wakidanganyana kuhusu mbio za ujana wao. Saa tano mchana. Jua kali. Nasema hivyo kwa wale mnaodhani mambo haya yana saa zake.

Mwamuzi wetu alikuwa mzee anaitwa Gaylord Pruitt, mrefu, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Alianza na injini. Alama zote. Akalala chini ya gari na tochi. Alama zote. Akaiona ile michirizi yangu ya rangi akatabasamu, na mimi kifua kikanijaa, nikasahau kila kitu, naapa, kwa dakika kumi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Michigan.

Akafungua mlango wa dereva. Akapiga goti. Akaingiza kioo chake chini ya kiti.

Akakitoa, akakifuta ukungu, akakiingiza tena.

"Kijana," akaniita kwa sauti ndogo. "Kiti chenu kinapumua."

Nikapiga goti pembeni yake. Kwenye kioo chake kidogo niliona springi. Kati ya springi, kitu kimejaa, kimetuna, kimebana kila nafasi. Kinapanda. Kinashuka. Tone moja likaanguka kwenye zulia orijino.

"Mwambie mjomba wako ashuke," Pruitt akanong'ona.

Mjomba hakuwa anasikia. Macho yake yalikuwa wazi, ya bluu ya maziwa, hayashiki kitu. Alikuwa ananyonya mdomo wake wa chini. Nikashika blanketi. Nikalifunua.

Shati lilikuwa limepanda. Kitovu kilikuwa wazi. Wazi kama mdomo. Na kutoka pale kamba ilikuwa imetoka, nene kama mpira wa maji wa injini, nyeupe na zambarau, imesokotwa, imelowa. Ilipita juu ya paja lake. Ikaingia kati ya mgongo wa kiti na makalio ya kiti. Ilikuwa inapiga. Polepole. Kama injini iliyoachwa ikinguruma taratibu.

Harufu ile ikatoka nje yote, ule utamu, na mtu wa gari la jirani akatapika kwenye majani.

Pruitt alikuwa ameshika tochi kwa mikono yote miwili. "Hiyo," akauliza, "ni ya kiwandani?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kisha nikampigia Bibi. Hakunigombeza. Alisema kamba ifungwe mahali pawili, vizuri, ndipo ikatwe katikati. Alisema nisisite. Nikavua kamba za viatu vyangu. Nikaifunga ya kwanza karibu na tumbo. Ilikuwa ya moto. Ilijipinda mkononi, ikanizunguka kiganja, ikanibana, laini, kama kidole cha mtoto kinavyoshika kidole chako. Nikafunga ya pili. Nikachukua pleyasi ya kukatia waya.

Haikatiki kwa mara moja. Ilikuwa na nyuzi ndani. Nilitafuna na pleyasi mara tano. Sita. Damu nyeusi ikanirukia mdomoni. Mdomoni. Nilikuwa nimeufungua, kama kawaida yangu.

Ikakatika.

Honi ya gari ikalia. Betri ilikuwa kwenye trela.

Mjomba Verlin akawa wa bluu. Uso, midomo, kucha. Hapumui. Nikamvuta nje, mzito, anateleza, nikamlaza kifudifudi kwenye paja langu, nikampiga mgongoni. Nikapiga. Nikapiga.

Akalia.

Sauti nyembamba, mpya, ya kukatikakatika. Kilio cha mtoto wa dakika moja, kutoka kwenye kifua cha mzee wa miaka hamsini na nne mwenye chale ya nanga begani. Mahali fulani mtoto mchanga wa mtu akamwitikia.

Kiti nilikichana kwa kisu mbele ya watu wote. Nililitoa lile dude kwa mikono yangu. Mwezi wa nne lilikuwa ngumi. Sasa lilijaa ndoo ya kuoshea gari. Na lilikuwa limeanza kuota nywele, za kahawia, kama za mjomba.

Siku hiyohiyo nilikwenda na ndoo ile Kentucky, mwendo wa saa nane, madirisha wazi, mpaka kijito cha Cutshin, kwenye mlima wa wazee wetu. Juu kule hakuna barabara. Nilipanda kwa miguu. Nilichimba mpaka kiunoni. Juu yake nikaweka jiwe nililolisogeza kwa jeki ya gari.

Madaktari walisema kiharusi. Sawa. Mjomba hakunijua. Hakujua kijiko. Hakuwa na neno hata moja. Bibi Delphia akafunga nyumba yake ya huku, akarudi naye Cutshin kwenye nyumba ya zamani, chini ya mlima, akisema mtu akue pale kitovu chake kilipozikwa. Akaanza upya, uji kijiko kwa kijiko, mama wa miaka sabini na nne na mtoto mwenye mvi.

Karatasi ya alama ilikuja kwa posta. Mia tisa tisini na tisa. Moja imekatwa kwa kiti kuchanwa. Kibao cha gereji bado ni cheupe. Kestrel nililirudisha ndani, nikalipandisha kwenye stendi za chuma, nikatoa magurudumu yote manne nikayatundika ukutani, nikafunga kwa kufuli mbili. Sijaingia tena.

Mwezi wa kumi na moja, sikukuu ya Shukrani, ile ya kula bata mzinga, nikaenda Cutshin na bata wangu kwenye barafu. Kabla ya kugonga mlango nikapanda kwanza mlimani, nilitaka tu kuliona jiwe.

Jiwe lilikuwa limepinduliwa. Shimo lilikuwa wazi, na lilikuwa safi, kuta zake laini, kama bakuli lililorambwa.

Na kulikuwa na alama za matairi. Kwenye ule udongo mwekundu, kati ya miti ambayo mbuzi anapita kwa shida. Zilipanda kutoka bondeni mpaka kwenye shimo. Hazikushuka, na gari halikuwepo. Nilichuchumaa. Kashata zile, michoro ya mpira wa tairi, nazijua, ni za mwaka sabini, nilizisugua moja moja kwa mswaki. Matairi kama yale hayauzwi tena popote. Manne ya mwisho niliyaona yametundikwa ukutani kwangu, nyuma ya kufuli mbili, mwendo wa saa nane.

Nilishuka mlima nikikimbia. Bibi Delphia alikuwa barazani, bakuli mkononi, analia na kucheka.

"Amesema, Jarrod," akaniambia. "Mwanangu amesema. Nimempelekea uji asubuhi hii, akageuza shingo, akasema neno zima kama mtu mzima."

Nyuma yake, mlangoni, mjomba Verlin alikuwa amesimama kwa miguu yake, anatabasamu kwa ufizi mtupu. Shati alilovaa lilikuwa jeupe, limepigwa pasi. Katikati ya tumbo kulikuwa na duara dogo la rangi ya chai.

Nilimuuliza Bibi ni neno gani.

"Nimeshiba," akasema.